Mifupa ya Flores na Kiburi cha Vyeo

Mwaka 2003, wataalamu wa Indonesia na Australia waliokuwa wakichimba katika pango la Liang Bua, kisiwani Flores, walikuta mifupa ya mwanamke mwenye kimo cha mita moja hivi. Ubongo wake ulikuwa takriban theluthi moja ya ubongo wetu. Mwaka uliofuata waliutangazia ulimwengu spishi mpya ya jamaa wa binadamu aliyetoweka: Homo floresiensis.

Profesa Teuku Jacob, mtaalamu mkongwe aliyeheshimika mno nchini Indonesia, hakukubali. Kwake yeye, huyo alikuwa binadamu kama sisi, ila mwenye maradhi. Kupinga ilikuwa haki yake. Pasipo ubishi hakuna sayansi. Lakini mwishoni mwa 2004 mifupa ilihamishiwa katika maabara yake huko Yogyakarta, na iliporejeshwa mapema 2005 baadhi ilikuwa imeharibika. Waliogundua waliilaumu maabara, Jacob alikana. Uchimbaji pangoni nao ukasimama hadi 2007.

Wapo waliousoma mkasa huu kama vita kati ya Wazungu na wenyeji. Nadhani wamekosea. Waindonesia walikuwapo pande zote mbili. Swali la msingi lilikuwa jingine: je, ushahidi ni mali ya mwenye cheo, au ni amana ya wote?

Jibu lilitoka kwenye mifupa yenyewe. Mwaka 2007, uchunguzi wa vifundo vya mkono ulionyesha umbo la kale, lisilofanana na letu. Mwaka 2016, wagunduzi walewale walikiri kwamba umri wa miaka 18,000 walioutaja awali haukuwa sahihi; mifupa ina miaka kati ya 60,000 na 100,000. Aliyeongoza andiko hilo la masahihisho ni Thomas Sutikna, Mwindonesia aliyekuwa miongoni mwa wachimbaji tangu mwanzo.

Hapo ndipo penye somo kwetu wahadhiri, wanafunzi na watumishi wa umma. Tumezoea kudhani kwamba kukiri kosa hushusha hadhi, na kwamba jalada likiwa kabatini mwetu ni letu. Sutikna na wenzake walijisahihisha hadharani, na hoja yao ikapata nguvu zaidi. Cheo kinaweza kuufungia ushahidi kwa muda. Hakiwezi kuubadili, na mfupa ukishavunjika, hakuna wadhifa utakaourudisha ulivyokuwa.