Programu huria ikizeeka, nani aamue siku ya kuistaafisha?

Gitaza imebanwa kati ya Ziwa Tanganyika na milima mikali, kwenye barabara iendayo Rumonge kutoka Bujumbura. Mwishoni mwa Machi 2015, maporomoko ya ardhi yaliua watu huko na kuikata barabara hiyo. Siku kama hiyo, ripoti ya karatasi inayosafirishwa kwa gari haifiki. Takwimu zinazopitia mtandaoni zaweza kufika. Katika mwambao ambako kipindupindu hurejea mara kwa mara, tofauti hiyo hupimwa kwa uhai wa watu.

Burundi, kama majirani zake, hukusanya takwimu za afya kwa DHIS2, programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway. Msimbo wake uko wazi, na yeyote anaruhusiwa kuutumia na kuubadili bila malipo. Hata hivyo, uhuru huo hauzuii uzee. Watunzaji wake huhudumia matoleo matatu ya karibuni tu. Toleo lililoachwa nyuma huendelea kufanya kazi, lakini kasoro mpya ya usalama ikigunduliwa, hakuna aliyeahidi kuiziba.

Umri peke yake, basi, si kigezo. Mtangulizi wa DHIS2, aliyebuniwa Afrika Kusini katika miaka ya 1990, aliwekwa kwenye kompyuta moja moja, na takwimu zilibebwa kutoka ofisi hadi ofisi. Aliachwa kwa sababu mrithi wake alikuwa tayari kufanya kazi ileile kupitia mtandao. Mwaka 2011, Kenya ilimweneza mrithi huyo nchi nzima.

Namna ya kuaga nayo ina uzito. Watunzaji wa lugha ya kompyuta ya Python walipanga kuacha kulihudumia toleo la pili mwaka 2015. Walipoona watumiaji wengi hawajahama, walisogeza tarehe hadi Januari 1, 2020. Kinyume chake, Desemba 2020 watumiaji wa mfumo wa CentOS 8 waliarifiwa kwamba huduma waliyoitarajia hadi 2029 ingekoma mwishoni mwa 2021. Waliobaki na mwaka mmoja wa kuhamisha seva zao hawakuwa na wa kumlalamikia, kwani programu huria hutolewa bila dhamana.

Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Lakini mbachao uliooza nao haulaliki. Kuzima mfumo mapema humrudisha muuguzi wa kando ya ziwa kwenye daftari. Kuuchelewesha huacha taarifa za wagonjwa mlango wazi.

Saa ya kustaafisha hufika pale mambo matatu yanapokutana: watu wa kurekebisha kasoro wamekwisha, mrithi amejaribiwa katika mazingira ya watumiaji wenyewe, na takwimu za zamani zaweza kuhamishwa zikiwa kamili. Likikosekana la kwanza, hakuna haraka. Yakikosekana mawili ya mwisho, kinachohitajika ni muda na mafunzo kabla ya kuzima.

Uamuzi wa kuacha kutunza msimbo hufanywa Oslo. Uamuzi wa lini kituo cha afya kihame ni wa serikali inayokitegemea, nao huhitaji bajeti na mafundi wa nyumbani. Asiyewaandaa leo ataamuliwa na tarehe iliyopangwa na wengine.