UCHAMBUZI: Babu na redio, baba na WhatsApp, mjukuu na TikTok: nani anahakikisha khabari?

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima, na haikurudi mpaka tarehe 3 Novemba. Bara kulikuwa na maandamano na damu ilimwagika. Unguja mitaa ilikuwa kimya, lakini majumbani hakukuwa na utulivu. Katika vijiji kama Kizimbani nyumba moja iligawika mara tatu: mzee alifungua redio na kuridhika na kilichosomwa, watu wa makamo wakawapigia jamaa zao wa Dar es Salaam kuuliza yaliyowafika, na vijana wakahangaika na VPN, kila mmoja na simu yake chumbani. Wote walikuwa wakitafuta jambo moja, nalo ni kujua ukweli.

Tunawasikia wengi wakisema kwamba mtandao umewaharibu vijana kisiasa. Kauli hii inahitaji kuangaliwa vizuri kabla ya kusemwa juu ya mimbari.

Tuanze na mzee. Aliyekuwa na umri wa miaka kumi na tano wakati wa Mapinduzi ya 1964, leo ameshapindukia sabini na tano. Yeye amekulia Zama za Siasa, ambapo Redio Cairo ilikuwa ikitangaza kwa Kiswahili dhidi ya ukoloni na watu wakikusanyika kuisikiliza, na magazeti kama Mwongozi na Afrika Kwetu yakisomwa kwa sauti barzani ili hata asiyejua kusoma apate khabari. Anakumbuka Juni 1961, uchaguzi uliofuatiwa na machafuko yaliyoua watu 68. Baada ya Mapinduzi, yeye au baba yake huenda alipewa eka tatu. Kwa hiyo anapomwambia mjukuu wake "tutunze amani", si woga wa bure. Anazungumza kuhusu mambo aliyoyaona kwa macho yake na ardhi anayoilima mpaka leo.

Lakini tuzingatie vipi alizipata khabari zake. Alizipata mbele za watu. Propaganda ilikuwepo, tena kali, ila barzani palikuwa na mtu wa kumkatiza msomaji na kumuuliza, "Nani kakwambia?" Kijana alikaa pembeni akasikia swali lile likiulizwa, akajifunza na yeye kuuliza.

Watu wa makamo ndio kundi ambalo halisemwi sana, na kwa maoni yetu ndilo la kutazamwa zaidi. Hawa wameingia siasa na vyama vingi. Wameyaona ya 1995 na Januari 2001, watu walipouawa na wengine kukimbilia Shimoni, Kenya. Kila upande ulikuwa na pahala pake: Maskani ya Kisonge na ubao wake pale Michenzani, na Jaws Corner na kahawa yake Mji Mkongwe. Mwaka 2012 mihadhara ya Uamsho ilizunguka kwa sidii. Mwaka 2015, Jecha Salim Jecha alipoufuta uchaguzi tarehe 28 Oktoba, khabari na uvumi vyote vilipita katika simu zao.

Watu hawa wamezoea kuamini sauti. Sauti iliyorikodiwa, ya mtu anayezungumza Kiswahili cha kwetu, akianza kwa salamu na kumsalia Mtume, huwaingia moyoni kama redio ilivyomwingia baba yao. Hawamjui msemaji ni nani wala alisema lini, lakini kabla haijamalizika imesharushwa kwenye grupu la familia, imefika Wete, imefika Muscat. Jambo hili halipo kwetu tu. Watafiti wa Marekani walichapisha mwaka 2019 uchunguzi wa Facebook wakati wa uchaguzi wao wa 2016. Waliona kwamba watu wengi hawakusambaza khabari za uongo kabisa, na waliosambaza zaidi ni waliopindukia miaka 65, karibu mara saba ya vijana. Marekani si Unguja, lakini baba anayemgombeza mwanawe kwa sababu ya simu na atazame kwanza yeye mwenyewe leo karusha nini.

Ama kijana aliyepiga kura mara ya kwanza mwaka jana, yeye amezaliwa karibu na 2007. Maalim Seif kwake ni klipu. Masheikh wa Uamsho, waliokaa rumande kwa miaka hadi walipoachiwa Juni 2021, nao ni klipu. Juni 2024 aliwatazama vijana wenzake wa Kenya wakiingia Bungeni Nairobi, muda ule ule jambo likitokea. Mchana anawatembeza wageni kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, usiku anaangalia bei ya kiwanja cha pwani ambacho yeye hatakinunua. Babu alipewa ardhi. Yeye anaitazama kwenye kioo cha simu. Hapo ndipo mazungumzo yao ya siasa yanapokwama, na intaneti ikizimwa bado kiwanja kitabaki na bei ile ile.

Je, mtandao umembadilisha chama? Si sana. Machi 2019 Maalim Seif alipohamia ACT-Wazalendo, wito wa "shusha tanga, pandisha tanga" ulienea haraka mno katika simu, lakini waliouitikia wengi ni wale ambao nyumba zao zilikuwa upande huo tangu zamani. Kilichobadilika ni imani kwa chanzo. Babu akisikia redio imenyamaza juu ya jambo, huona kuwa halikutokea. Mjukuu huona kuwa limefichwa, na kila mtandao unapozimwa huzidi kuona hivyo.

Kuna kheri pia, na ni dhulma kuinyamazia. Barza ilikuwa ya wanaume. Mama aliyekuwa akisikia siasa kupitia dirishani, leo yumo ndani ya grupu, anauliza na anajibu. Baadhi ya nyumba, yeye ndiye wa kwanza kusema "hii video ni ya zamani".

Sheria yetu haikuliacha jambo hili. Suratul-Hujuraat, aya ya 6, inaamrisha kuhakikisha khabari. Suratun-Nisaa, aya ya 83, inawalaumu wanaoitangaza khabari ya amani au ya khofu pindi inapowafikia, badala ya kuirejesha kwa Mtume (Swalla Allaahu ‘alayhi wa sallam) na kwa wenye mamlaka wanaoweza kuipambanua. Haikutaja umri. Anayerusha sauti asiyoijua asili yake amo ndani ya lawama hii, awe na miaka kumi na minane au sabini.

Lakini kijana huuliza: "Wenye mamlaka ndio hao waliozima mtandao, sasa nimrejeshee nani?" Swali hili si utovu wa adabu, na imamu asilikwepe. Wafasiri wengi wameingiza katika wenye mamlaka wanazuoni na watu wenye ujuzi wa kuchimba jambo mpaka asili yake. Maana yake ni kwamba msikiti wa kijiji unatakiwa uwe na watu wa kuulizwa: mwalimu wa skuli, mtu anayejua kutafuta asili ya video, mama aliyeikamata ile ya zamani. Baina ya Magharibi na Isha panatosha. Na kijana aje na simu yake, babu naye awepo.