Askari kanzu ajitambulishe



Askari kanzu si mgeni katika nchi yetu. Mwizi wa mifugo au muuza dawa za kulevya akiona sare kwa mbali, anatoroka; lazima kwanza afuatiliwe kimya kimya. Kazi hiyo ni halali, nasi tunalala salama kwa sababu yake.

Lakini kuchunguza ni jambo moja, kumkamata mtu ni jingine. Mtu akishashikwa, siri imekwisha. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayekamata amweleze anayekamatwa kosa lake wakati huohuo.

Tarehe 6 Septemba 2024, Ali Mohamed Kibao, kiongozi wa Chadema, alishushwa na watu wenye silaha kutoka basi lililokuwa likielekea Tanga. Kesho yake mwili wake ulikutwa Ununio, Dar es Salaam. Rais Samia alilaani mauaji hayo na kuagiza uchunguzi. Sisemi waliomchukua walikuwa nani. Nauliza: abiria wenzake wangejuaje kama ni askari au ni wauaji? Tukizoea kuona mtu akichukuliwa na wasio na sare wala kitambulisho, tunawafungulia njia hao tunaowaita "watu wasiojulikana".

Injili ya Yohane, sura ya 18, inatuonyesha kundi lililokuja bustanini usiku na mienge na silaha. Aliyejitambulisha pale ni Yesu, yaani yule anayekamatwa! Luka naye anasimulia jinsi Bwana alivyowakumbusha kwamba kila siku alikuwa nao hekaluni, wala hawakumgusa. Haki haiogopi mchana.

Ndugu askari unayesali nasi hapa Mandewa, unapomkamata mtu taja jina lako, onyesha kitambulisho, sema unampeleka kituo gani. Utamlinda yeye, na utajilinda mwenyewe dhidi ya wananchi wenye hasira watakaokudhania jambazi.

Nawe Mkristo, ukiona jirani anachukuliwa, usijifungie ndani. Usipigane wala usitukane. Uliza kwa heshima: ninyi ni nani, mnampeleka wapi? Mwite mwenyekiti wa mtaa, kisha nendeni kituoni mhakikishe amefika. Awe na kosa au asiwe nalo, mama yake ana haki ya kujua mwanawe amelala wapi usiku huo.