Mashujaa Wanaogeuka na Watoto Wetu Majumbani

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juma lililopita, baada ya darsa ya alasiri ya akina mama, mama mmoja alibaki nyuma wenzake walipotoka. Alikuwa na bintiye wa miaka 12, naye binti alisimama mbali kidogo, macho chini. Mama akatoa mkobani kitabu cha picha za rangi, akakiweka mbele yetu kama mtu anayeweka kitu chenye najisi. Akasema, "Maalim, nimekikuta chini ya mto wake. Mna msichana anajigeuza umbo, na wengine humo ni wachawi watupu. Nikichome?"

Tulinyamaza. Neno hilo la kuchoma lilituchoma sisi kwanza, kwa sababu ambayo tutaieleza mbele. Tukamwomba atuazime kitabu kwa siku chache, tukamwahidi kwamba jawabu tutaliandika hapa, kwani swali lake ni la nyumba nyingi.

Tuanze kwa kukijua kitu chenyewe, kwa maana mwenye kuhukumu asichokijua hukosea hata akipatia. Kitabu kile kimetolewa na kampuni ya Kimarekani iitwayo Marvel. Mnamo 1961, huko New York, mwandishi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walianza kutunga visa vya mashujaa ambao wote huishi katika dunia moja: huyu hupita mtaani mwa yule, adui wa mmoja akawa adui wa wote, na kisa cha leo hukumbuka kisa cha mwaka jana. Dunia hiyo ya kubuni imeendelea kujengwa na mamia ya mikono tangu wakati huo. Tangu 2008 imekuwa mfululizo wa filamu, na mwaka 2009 kampuni ya Disney iliinunua Marvel kwa takriban dola bilioni 4. Watoto wetu, basi, hawakukutana na kitu kidogo. Wamekutana na soko kubwa linalojua vyema namna ya kumfuata mtoto mpaka kitandani.

Katika dunia hiyo kugeuka ni jambo la kila siku. Yuko mtaalamu wa sayansi, Bruce Banner, aliyetungwa mwaka 1962, ambaye akighadhibika huwa jitu la kijani liitwalo Hulk. Yuko Loki, mwenye kuvaa sura ya amtakaye ili kuhadaa. Yuko daktari wa upasuaji, Doctor Strange, aliyetungwa mwaka 1963. Huyu alikuwa na kiburi cha mikono yake hadi ajali ya gari ilipoiharibu, kisha akaenda milima ya mbali kutafuta tiba na akarudi na elimu ya uchawi. Mama yule, basi, hakusema uongo. Uchawi umo.

Sasa hukumu yake ni ipi? Sihiri katika dini yetu si mchezo. Imetajwa katika madhambi makubwa yenye kuangamiza, na aya ya 102 ya Suratul Baqara yatuonya juu ya wanaojifunza lenye kuwadhuru wala lisiwanufaishe. Mwenye kuitenda au kumwendea mtendaji amejitia hatarini. Lakini kusimulia habari za mchawi si kufanya uchawi. Qur'ani yenyewe inatusimulia wachawi wa Firauni, kamba zao na fimbo zao zilizoonekana kana kwamba zatambaa, mpaka fimbo ya Nabii Musa, amani imshukie, ilipozimeza. Tumekisikia kisa hicho tangu utotoni wala hapana aliyejifunza uganga kwacho. Tumejifunza nani mwenye nguvu.

Na kuhusu mawazo ya mtoto, imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, aliona katika vitu vya kuchezea vya Bi Aisha farasi wa matambara mwenye mbawa mbili. Akamwuliza, farasi ana mbawa? Bi Aisha akamjibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman. Mtume akacheka mpaka meno yake yakaonekana. Hakumpokonya farasi wake. Maulamaa wamehitalifiana katika mambo ya picha na visa vya kubuni, wako waliokaza na wako waliolegeza, nasi hatutaki kuifunga mlango hitilafu yao kwa safu moja ya gazeti. Twasema tu kwamba kicheko kile cha Mtume kina somo kwa kila mzazi.

Hata hivyo, liko jambo ambalo hatulilegezi. Katika visa hivi wamo wanaoitwa miungu, kama Thor na huyo Loki, waliochukuliwa katika dini ya kale ya washirikina wa Ulaya ya kaskazini. Hapo mzazi asinyamaze. Amwambie mtoto waziwazi: hawa ni masanamu ya watu wa kale waliogeuzwa kuwa wachezaji wa sinema, na hapana mungu ila Allah. Mtoto aliyeambiwa hivyo mara moja kwa upole hawezi kudanganyika. Mtoto ambaye hakuambiwa kitu hubaki kujijazia mwenyewe.

Na tuseme ukweli mwingine, hata kama utauma. Tunao katika pwani yetu wanaomkataza mtoto kumtazama mchawi wa kwenye kioo, kisha magharibi ikiingia wajifunika wakaenda kwa mganga kutazamiwa nyota, kuagulia mume, au kumfungia hasidi hirizi. Yule wa kwenye kioo ni rangi na mwangaza. Huyu wa uchochoroni ndiye aliyetajwa katika maonyo. Mtoto huona yote mawili, naye hujifunza zaidi kwa lile la pili.

Turejee kwenye kitabu. Tulikisoma kwa usiku mbili, mjukuu wetu akituonyesha picha ipi hufuata ipi. Msichana aliye humo aitwa Kamala Khan. Ana miaka 16, wazazi wake wametoka Pakistani, na wanaishi Jersey City, Marekani. Alionekana mara ya kwanza mwaka 2013, na mwaka 2014 akapewa kitabu chake, Mwislamu wa kwanza kupewa heshima hiyo katika Marvel. Mwandishi wake, G. Willow Wilson, ni mwanamke wa Kimarekani aliyesilimu ujanani, na miongoni mwa waliombuni ni mhariri Sana Amanat, naye ni Mwislamu aliyekulia New Jersey. Mwaka 2015 kitabu hicho kilipata tuzo ya Hugo.

Kisa chaanza kwa kosa. Baba amemkataza kwenda karamu ya usiku, naye anatoka kwa dirishani. Huko wenzake wanamhadaa kwa kinywaji kilichotiwa pombe, naye anakitema. Akiwa njiani peke yake, ukungu wa ajabu unamzunguka, anaulizwa atakacho, naye anaomba awe kama shujaa ampendaye, mwanamke mrefu, mweupe, mwenye nywele za dhahabu. Akapewa. Kisha akagundua kwamba nywele zile zamwingia machoni, nguo yambana, na furaha aliyoitarajia haikuja pamoja na sura. Msichana mwenzake anapotumbukia majini, Kamala anamwokoa akiwa katika umbo lile la kuazima, kwani adhani watu hawatamkubali mwokozi mwenye uso kama wake. Hatimaye anaamua kufanya kazi yake kwa uso alioumbwa nao.

Tulipofika hapo tuliweka kitabu chini, tukafikiri. Ni mabinti wangapi wa Majengo, wa Kisauni na wa Malindi ambao huomba ombi hilo hilo la Kamala, si kwa ukungu bali kwa vikopo vya mafuta ya kung'arisha ngozi? Ni sisi watu wazima tunaomsifu mtoto mweupe mbele ya nduguye mweusi, kisha tukashangaa kumkuta mweusi akijikwangua uso. Mola wetu ametuambia kwamba amemuumba mwanadamu katika umbo lililo bora kabisa, nasi twaisoma Suratut-Tin katika sala bila kuwaambia mabinti zetu kwamba yawahusu wao.

Na kuna ukurasa mwingine uliotushtua zaidi. Wazazi wa Kamala, walipoona bintiye haishi kutoka nyumbani, walimpeleka kwa sheikh wa msikiti wao. Msichana aliingia akingoja kukemewa. Sheikh yule, aitwaye Abdullah, hakumlazimisha kufichua siri. Alimwambia kwamba kama ameshikilia jambo lake, basi alitende kwa ushujaa, ukweli na huruma, na ajitafutie mwalimu wa kumwongoza. Sheikh wa kuchorwa kwa wino alikuwa na subira kuliko sheikh mmoja wa nyama na damu tumjuaye. Sheikh huyo ni sisi.

Ni zaidi ya miaka 15 sasa. Tulikuwa tukisomesha chuoni, na kijana mmoja wa miaka 10 alikuwa akichora nyuma ya daftari lake la imla. Kila ukurasa jitu moja, la kijani, mdomo wazi, ngumi juu. Tulimwonya mara mbili. Mara ya tatu tulilichukua daftari, tukalichoma uani mbele ya wenzake, tukatoa na mawaidha marefu. Hakulia. Alitazama mpaka karatasi ikawa jivu. Baada ya siku chache hakuonekana tena chuoni, nasi tukamhesabu katika watoto wakaidi.

Mwaka jana tulimkuta katika karakana moja mjini, yu juu ya ngazi, akipaka michoro kwenye ubavu wa matatu. Alituona, akashuka, akafuta mikono kwa kitambaa, akatuamkia na kutubusu mkono kama zamani. Tulipoketi tukamwuliza juu ya lile jitu. Akasema kwa sauti ya chini, "Maalim, yule alikuwa baba. Akirudi usiku na hasira alikuwa akigeuka hivyo. Nilikuwa nikimchora ili nisimwogope."

Ndugu zetu, tulikosa la kusema. Baadaye tulikuja kujua kwamba waandishi wa Hulk wenyewe, mwaka 1985, waliandika kwamba Bruce Banner alipokuwa mtoto alipigwa na babake. Yule kijana hakuwa na haja ya kuambiwa. Aliliona jitu akalitambua. Daftari lile lilikuwa barua, nasi tulikuwa watu wazima pekee walioletewa. Tuliichoma bila kuisoma. Tulimwomba msamaha pale pale karakanani, akatusamehe upesi, na wepesi wa msamaha wake ndio unaotukosesha usingizi.

Basi jawabu kwa mama yetu, na kwa kila aliye na kitabu au simu ya namna hii nyumbani, ni hili.

Usikichome. Kwanza kaa na bintiyo, mkisome pamoja, umwulize mambo matatu: Ni nani umpendaye humu? Wampendea nini? Na wewe ungeomba nini kama ungeulizwa kama alivyoulizwa yeye? Sikiliza jibu la tatu kwa moyo wote, na usimkatize. Huenda ukajua jambo la nyumba yako ambalo hukulijua.

Kisha uweke mipaka, kwani huruma isiyo na mipaka si malezi. Sala isipite kwa ajili ya filamu. Picha zenye kuonyesha uchi na mapenzi zipitishwe, na zipo nyingi. Mtoto mdogo asiyetofautisha kweli na mchezo asiachwe peke yake na watu wanaoruka juu ya mapaa. Na mfuko wa baba una kiasi chake, sio kila kilichochorwa shujaa lazima kinunuliwe.

Na kwa akina baba tuna neno moja. Mtume, rehema na amani zimshukie, ametufundisha kwamba mwenye nguvu si yule awabwagaye watu bali ni yule aimilikiye nafsi yake wakati wa ghadhabu. Ametuelekeza aliyesimama aketi, na ikiwa haikutoka alale. Tusijidanganye kwamba kugeuka ni habari ya sinema. Kuna nyumba ambamo watoto husikiza mlio wa ufunguo mlangoni ili wajue ni baba yupi aliyerudi usiku huo.

Kitabu tumekirudisha kwa mama yake jana, hakina hata ukurasa uliokunjwa. Binti alikuwa ameketi naye. Tulimwuliza lile swali la tatu, akatazama kiganja chake, akasema atamwambia mamake kwanza. Tukamwambia hivyo ndivyo.

Mwenyezi Mungu atuongoze katika malezi, atusamehe tuliyoyachoma bila kuyasoma, na awape watoto wetu nyuso zenye kuridhika na sura alizozichagua Yeye. Amin.

Wabillahi tawfiq.