Maharagwe ya Chupani

Juma lililopita nilitupa shimoni chupa nane za maharagwe, na mama watoto hakunisemesha hata jioni. Tulikuwa tumezichemsha katika sufuria ya kawaida kwa muda wa saa tatu, tukazifunga vema, wala hazikuwa na harufu mbaya. Mbona basi nikazitupa?

Kuna kijidudu kiitwacho Clostridium botulinum, ambacho mbegu zake hazifi kwa maji yachemkayo. Ndani ya chupa isiyo na hewa huamka na kutoa sumu iwezayo kumwua mtu, hata kama chakula hakikubadilika rangi wala ladha. Joto la kuziua ni nyuzi 116 na zaidi za Sentigredi. Nasi hapa Busia na Malaba, tulio juu ya bahari kiasi cha mita 1,200, maji yetu huchemka kwa nyuzi 96 hivi! Ukichemsha kutwa, hayazidi hapo.

Atakaye kuhifadhi hivyo maharagwe, nyama au samaki, yampasa apate sufuria kubwa ya presha iliyotengenezwa kwa kazi hiyo; ile ndogo ya kupikia haifai, kwa maana hupata moto na kupoa upesi mno. Maharagwe yarowekwe, yachemshwe nusu saa, ndipo yatiwe chupani. Mvuke na utoke kwanza dakika 10, kisha uwekwe uzito wa ratili 15. Presha ikitimia, chupa za painti moja zihesabiwe dakika 75, na sufuria iachwe ipoe yenyewe.

Bei yake si ya mchezo. Sisi tumerudia kuanika maharagwe juani hadi fedha itimie.