Kwa Meza ya Jamaa: Sahani ya bure, nani anailipa?



Mwezi huu mama mumoja wa Likasi ametuandikia barua. Mutoto wake wa kwanza anaishi Las Vegas, kule Marekani, na anatumika ndani ya oteli kubwa yenye kazino. Anasafisha masahani jikoni. Mama anasema hivi: «Papa, mutoto alitutumia foto. Meza ndefu, nyama ya kuchoma, samaki, matunda, keki za kila rangi. Akasema: Mama, huku niko nakula bure. Tulifurahi, tukaonyesha majirani. Lakini sasa ni miezi tatu hatumi tena minervali ya dada yake. Nikiuliza, anajibu: feza haitoshi. Papa, mutu anayekula bure, feza yake inaenda wapi?»

Mama, swali lako ni la mutu mwenye akili. Mbele ya kumuhukumu mutoto, tuingie kwanza pamoja ndani ya oteli za namna ile, tuangalie meza zake. Utaona kama sahani ziko za namna tatu, na hazifanani.

Sahani ya kwanza ni ya wafanyakazi. Katika oteli nyingi za Las Vegas kuna chumba cha kulia huko nyuma, mbali na macho ya wageni. Mupishi, mama wa kupanga vitanda, kijana wa kuosha vyombo, wote wanakula pale bila kutoa feza. Wazee wetu wa kambi wataelewa upesi. Si walikuwa wanapokea posho ya Union Minière? Ile posho haikuwa zawadi. Mutu aliilipa kwa mikono yake, ilikuwa sehemu ya kazi. Kama mutoto wako anakula sahani hii, Mama, hakuna haya ndani yake.

Sahani ya pili ni ya mugeni anayelipa. Tujue kwanza ilianza namna gani. Nevada ni inchi ya migodi sawa kwetu, ya feza na ya zahabu. Mwaka 1931 serikali ya Nevada iliruhusu michezo ya kamari. Mwaka ule ule, karibu na Las Vegas, ilianza kazi ya kujenga lile boma kubwa la maji linaloitwa Hoover Dam. Maelfu ya wafanyakazi walikuwa na mushahara mukononi na hawakujua pa kupitisha siku ya mapumziko. Mwaka 1941 oteli ya El Rancho Vegas ilifungua milango, ya kwanza yenye kazino kwenye njia ile kubwa wanayoiita leo Strip. Ndani ya miaka ile ya 1940 walianza kutandika meza ya chakula usiku: dolari 1 tu, ukule mpaka ushibe.

Juu ya nini dolari 1? Juu ya huruma? Hapana. Mutu mwenye njaa anasimama, anaenda kutafuta chakula inje, na akifika inje anakumbuka nyumbani. Mutu aliyeshiba anarudia kiti chake. Hasara ya jikoni ilirudishwa na meza za muchezo. Ndiyo maana njia ya kufika kwenye restora inapita mara nyingi katikati ya mashini zinazolia na kuwaka mataa. Madirisha ni haba, na saa ya ukutani huioni.

Leo mambo yamegeuka kidogo. Mwaka 1992 mupishi mwenye jina, Wolfgang Puck, alifungua restora yake Spago kwa Caesars Palace. Wapishi wengine wakubwa wakamufuata. Matajiri waliona kama sahani yenyewe inaweza kuleta faida, na tangu mwisho wa miaka ya 1990 oteli za njia ile zinapata sehemu kubwa ya feza yao kwa vyumba, chakula na maonyesho, kupita muchezo. Wakati wa ugonjwa wa korona, mwaka 2020, meza za kujipakulia zilifungwa, na zingine hazikufunguliwa tena. Zile kubwa zilizobaki, mutu mumoja anaweza kulipa kupita dolari 60. Lakini hapa hakuna fumbo: bei imeandikwa, unalipa, unakula, unarudi kwako.

Sahani ya tatu ndiyo ya kuogopa. Ni ile ya karti. Kazino inakupa karti bila malipo. Kila mara unapocheza, karti inahesabu: umeweka feza ngapi, umekaa saa ngapi. Kiisha mukubwa anakuja na cheko: «Ndugu, umechoka. Nenda ukule, sisi tunalipa.»

Vijana wa shule, mushike kalamu. Gurudumu la ruleti la Marekani lina namba 38. Namba yako ikitoka, wanakupa mara 35 ya feza uliyoweka. Kama ingekuwa haki, wangekupa mara 37. Ile tofauti ndiyo shamba lao. Kwa kila dolari 100 zinazowekwa, dolari 5 na kitu zinabaki kwao, siku kwa siku. Sasa tuseme mutu anaweka dolari 10, mara 40 kwa saa moja. Ni dolari 400 zilizopita mezani, na kazino inangojea kuvuna 21. Akikaa saa 4, ni 84. Halafu wanamupa sahani ya dolari 30, naye anashukuru! Ni kweli, siku moja atapata, siku ingine atapoteza mia tatu. Lakini mwenye oteli hahesabu siku moja. Anahesabu mwaka muzima, na ndani ya hesabu ile, bei ya nyama imekwisha kuingia.

Basi Mama, shauri letu ni hili. Usimutukane mutoto katika telefone, na usimuite mwizi. Muulize swali moja tu: «Mwanangu, ile sahani unaikula kwa mulango gani, wa wafanyakazi ao wa karti?» Kiisha nyamaza, umusikilize.

Akisema mulango wa wafanyakazi, umusadiki. Nyumba kule ni ya bei kali, na kweli feza inaweza kukosa kutosha. Mupatane kiasi anachoweza, hata kidogo, atume siku ile ile ya mushahara.

Lakini akikawia kujibu, ao akilia, ujue ni ugonjwa unaofunga watu wengi, hata wenye masomo. Umuambie kuna vikundi vinaitwa Gamblers Anonymous. Vilianza Los Angeles mwaka 1957, na vinakutana Las Vegas pia. Pale watu waliopoteza kila kitu wanasaidiana kuacha, na hakuna anayelipisha mulango. Na umuambie neno hili mbele ya mengine yote: nyumbani tunakupenda, hata bila foto.

Na sisi tuliobaki huku, tusimucheke haraka. Pari za mupira ziko kila kartié. Siku ya mushahara, kuna rafiki anayekununulia chupa mbili, kiisha anatoa karata mufukoni. Chupa zile, baba, nani atazilipa? Mara nyingi ni mutoto atakayefukuzwa shuleni siku ya tatu.

Jioni hii, wakati bukari na sombe vitafika mezani, muulizane pamoja na watoto: sahani hii, nani aliilipa? Watajibu bila kufikiri sana: ni papa, ni mama.

Mama wa Likasi, utuandikie tena jibu la mutoto, na tutamukumbuka dada yake na masomo yake. Ninyi wengine, tuonane mwezi unaokuja, hapa hapa kwa meza ya jamaa.