Hesabu iacheni mahali pake

Nimekuwa kimya kwa sababu ya shilingi moja.

Chama kimoja cha akiba na mikopo hapa Ramisi kina programu ya Java inayokokotoa riba. Ni kuukuu na sura yake inatia huruma, lakini wanachama wameizoea. Walitaka kuona salio kwenye simu, nami nikachagua Django kwa ajili ya kurasa. Kosa langu ni kwamba kanuni za riba niliziandika upya kwa Python. Mistari arobaini tu, ya nini kuhangaika kuunganisha?

Mama mmoja muuza samaki akaja ofisini na simu yake. Mkopo uliobaki ulikuwa 12,250, riba asilimia 1 kwa mwezi, yaani 122.50. Daftari la ofisi, linalotoka kwenye Java, lilisema 123. Ukurasa wangu ulisema 122.

"Mwanangu, niamini lipi?"

Sikuwa na jibu. Hapa kuna wazee waliopeleka miwa kiwandani mpaka kilipofungwa mwaka 1988. Karatasi ya hesabu huisoma mara mbili.

Usiku nikagundua: Math.round ya Java huipandisha nusu, round ya Python 3 huipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Zote zina mantiki yake, ila chama kilikubaliana na moja tu.

Ndiyo maana nawabishia wenzangu wanaotaka kila kitu kiandikwe upya ndani ya Django "ili lugha iwe moja". Mikono inawawasha tu! Django ilizaliwa kwenye gazeti, huko Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Kuchapisha ndiyo kazi yake. Hata Cocoon ya Apache, tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ilihubiri kutenganisha maudhui, mantiki na mwonekano.

Sasa Java nimeiacha ilipo, nikaifungulia mlango mdogo wa HTTP. Unatuma namba ya mkopo, inarudisha JSON yenye riba na salio kama maandishi, si namba, ili Python isipate cha kukadiria. Java ikizimika, ukurasa unasema salio halipatikani kwa sasa. Haubahatishi. Ni kweli nina programu mbili za kulinda badala ya moja, na umeme wetu mnaujua. Gharama hiyo naikubali.

Mistari arobaini nimeifuta. Yule mama sasa anaona 123 kote kuwili. Amelalamika kwamba riba imepanda.